Uanze na michoro ipi katika R kabla ya kugusa regresheni

Ndugu, umeeleza kwamba data yako ya utafiti wa kaya umeshaiingiza katika R (programu ya takwimu), umeendesha summary(), amri inayotoa muhtasari wa kila safu, ukaona kila kitu kimekaa sawa, na sasa msimamizi wako anakutaka uichunguze kwa michoro kabla ya regresheni, yaani kukokotoa uhusiano kati ya safu. Unauliza uanze na michoro ipi, na kama ni lazima ujifunze kwanza ggplot2, kifurushi cha ziada cha kuchorea katika R. Nimesafisha data za aina hiyo kwa miaka kadhaa, na rai yangu ni kwamba kazi ya mchoro wa awali ni kukuonyesha wewe mwenyewe kile ambacho summary() imekificha. Kwa hiyo usihangaike na rangi wala maandishi ya pembeni. Hayo utayashughulikia utakapofika kwenye tasnifu.

Nitatumia data iliyomo ndani ya R ili ujaribu huku ukisoma. Data iitwayo faithful ni rekodi 272 za Old Faithful, chemchemi ya maji moto iliyoko Yellowstone nchini Marekani, ambayo hurusha maji juu kwa dakika chache, hutulia, kisha hurusha tena. Safu ya eruptions inaonyesha maji yaliruka kwa dakika ngapi, na safu ya waiting inaonyesha dakika za kusubiri hadi yaruke tena. Ukiandika summary(faithful$waiting) utaambiwa kwamba wastani ni 70.9, namba ya kati ni 76, ya chini kabisa ni 43 na ya juu kabisa ni 96, na hapo hutaona lolote la kukutia shaka. Andika sasa hist(faithful$waiting), upate histogramu, yaani mchoro wa nguzo zinazohesabu namba zilizoangukia kila kipande. Vitatokea vilima viwili, kimoja kwenye dakika hamsini na kitu na kingine karibu na dakika 80, huku wastani ukiwa umeangukia ukingoni mwa bonde lililo kati yao. Ukichora plot(waiting ~ eruptions, data = faithful) sababu inajitokeza yenyewe: maji yakiruka kwa dakika mbili hivi, kusubiri huwa kufupi; yakiruka kwa zaidi ya dakika nne, kusubiri huwa kurefu. Ni matukio ya aina mbili yaliyochanganywa katika safu moja.

Ndiyo maana kwa safu moja ya namba ninaanza na histogramu, wala si boxplot(), ijapokuwa wengi huikimbilia. Jaribu boxplot(faithful$waiting) uone: utapata sanduku moja nadhifu kutoka 58 hadi 82, lenye nusu ya kati ya namba zote, bila dalili yoyote ya vilima viwili. Katika data ya kaya, vilima viwili mara nyingi humaanisha kwamba mjini na vijijini vimechanganywa, au, jambo ambalo hutokea mno kwenye safu ya mavuno, kwamba baadhi ya wahojiwa walijibu kwa kilo na wengine kwa magunia, na wote wakaandikwa kana kwamba ni kilo.

Usitosheke na histogramu ya kwanza, kwa kuwa upana wa nguzo unaweza kubadilisha sura nzima. Jua pia kwamba ukiandika breaks = 30, R haiichukulii namba hiyo kuwa amri bali pendekezo, kwani hutafuta mipaka yenye namba za mviringo; ukitaka mipaka yako hasa, itaje kwa seq(), amri inayotengeneza mfululizo wa namba.

Safu ya umri ndiyo ningekusihi uikalie kwa muda mrefu kuliko zote. Badala ya hist(), andika plot(table(kaya$umri)), ikiwa data yako inaitwa kaya na safu yake umri, ambayo huchora mstari mmoja kwa kila mwaka wa umri. Katika takriban kila data ya kaya niliyopitia, mistari ya 30, 35, 40, 45 na 50 husimama mirefu kupita majirani zake, na miaka kama 39 na 41 huwa karibu mitupu, kwa sababu mhojiwa asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiria na mdadisi huandika alichoambiwa. Wanademografia hupima tabia hiyo kwa fahirisi ya Whipple, inayotumia umri wa miaka 23 hadi 62. (Hata Old Faithful haikusalimika: maelezo ya faithful ndani ya R yanasema kwamba muda wa maji kuruka umekaribishwa sana kwenye namba za mviringo, na sekunde zinazogawanyika kwa tano ni nyingi kuliko inavyotarajiwa.) Gawanya kisha mchoro huo kwa namba ya mdadisi. Nimewahi kumkuta mdadisi ambaye karibu umri wote aliouandika uliishia na sifuri, na jambo hilo hakuna jedwali la wastani lililolionyesha.

Hapo kuna mtego wa hist() unaostahili kutajwa. Kwa kawaida nguzo zake hujumuisha mpaka wa juu na kuuacha wa chini, kwa hiyo, nguzo zikiwa za miaka mitano, mwenye miaka 20 huhesabiwa pamoja na wa 16 hadi 19. Kwa kuwa watu wengi wamerundikana hasa kwenye 20, 25 na 30, rundo zima linahamia kundi la chini na vijana wanaonekana wengi kuliko walivyo. Andika right = FALSE, ili nguzo ijumuishe mpaka wa chini badala ya wa juu. Angalia pia mwisho wa kulia: umri wa juu kabisa wa 99 haushangazi kwenye summary(), lakini mstari mrefu wa 99 uliotanguliwa na utupu tangu 90 ni msimbo wa «hajui» uliosahauliwa.

Kuhusu majibu yaliyokosekana, chukua airquality, vipimo vya hewa ya New York vya Mei hadi Septemba 1973. Chora boxplot(Ozone ~ Month, data = airquality) na sanduku la Juni litasimama sawa na mengine, ilhali mwezi huo una vipimo vya siku 9 tu kati ya 30. Ongeza varwidth = TRUE nalo litakuwa jembamba. Kwako wewe, linganisha kata kwa namna hiyo hiyo.

Swali lako la ggplot2: si lazima. Kwa kutazama safu moja moja, amri za kawaida za R zina kasi zaidi. Faida kubwa ya ggplot2 nimeiona kwenye facet_wrap(), inayochora mchoro uleule kwa kila mkoa kwa mstari mmoja wa msimbo, na kwenye onyo inalotoa inapoacha rekodi zenye NA (alama ya R ya jibu lililokosekana), ambazo plot() huziacha kimya. Ukiitumia, jihadhari na ylim(), amri ya kuweka mipaka ya mhimili wa wima: huondoa data iliyo nje ya mipaka kabla ya kukokotoa, hivyo geom_boxplot() itakupa namba ya kati tofauti na ya kweli. Ukitaka kusogea karibu tu bila kupoteza data, tumia coord_cartesian().