Ukitaka kusoma Ficciones ya Borges, anzia katikati

Kila ninapomwazima mtu Ficciones, mkusanyiko wa hadithi fupi wa Jorge Luis Borges, mwandishi wa Argentina aliyeandika kwa Kihispania, humwomba asianze na ukurasa wa kwanza. Hadithi inayofungua kitabu, "Tlön, Uqbar, Orbis Tertius", ni ngumu kuliko karibu zote. Inaanza na kioo na ensaiklopidia, kisha inakumwagia majina chungu nzima, na msomaji mgeni huchoka kabla hajajua anasimuliwa nini. Nimeona watu wanaopenda vitabu kwa dhati wakikirudisha upesi, wakisema hiki ni cha maprofesa. Mimi nakataa. Ni hadithi fupi, nyingi za kurasa chache tu, na anayejua pa kuingilia atazifurahia.

Kitabu kilitoka Buenos Aires mwaka 1944 kikiwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa imeshachapishwa peke yake mwaka 1941; ya pili inaitwa Artificios. Fungua hiyo ya pili, usome "Funes el memorioso".

Ireneo Funes ni kijana wa Fray Bentos, Uruguay. Anaanguka kutoka kwenye farasi, anapooza, na tangu siku hiyo hasahau kitu chochote. Anakumbuka kila jani la kila mti, na kila mara alipoliona. Kinamkera kwamba mbwa aliyeonekana kwa ubavu saa tisa na dakika 14 aitwe jina lile lile la mbwa aliyeonekana kwa mbele dakika moja baadaye. Ukifika hapo, weka kitabu chini kwanza. Mimi nilijaribu kukumbuka vikombe vya chai nilivyokunywa wiki ile, nikakuta vyote vimekuwa kikombe kimoja. Msimulizi anashuku kwamba Funes, pamoja na kumbukumbu yake yote, hakuweza kufikiri sawasawa, kwa kuwa kufikiri ni kusahau tofauti zilizopo kati ya vitu. Nimesoma maelezo marefu ya wanafalsafa kuhusu jambo hili, na hakuna lililoniingia kama yule mbwa.

Halafu nenda "El milagro secreto". Ni Praha, Machi 1939. Mwandishi Jaromir Hladík anakamatwa na Wanazi na kuhukumiwa kupigwa risasi. Tamthilia yake haijakamilika, kwa hiyo anamwomba Mungu mwaka mmoja aimalize. Yanayofuata sikwambii. Ila tazama maneno yaliyowekwa juu ya hadithi: ni aya ya Surat al-Baqara, ile ya mtu aliyefishwa miaka mia, akafufuliwa, akaulizwa amekaa muda gani, akajibu siku moja au sehemu ya siku. Aliyepita madrasa anaingia kwenye hadithi hii na ufunguo mkononi. Ukitaka kuitafuta, Borges ameandika 261, lakini katika misahafu yetu ni aya ya 259.

Usikimbilie intaneti kwa kila jina utakalokutana nalo. Katika dibaji Borges anasema wazi kwamba ni kazi bure kuandika kurasa 500 za wazo linaloelezeka kwa mdomo kwa dakika chache; heri kujifanya kitabu hicho kimeshaandikwa, kisha ukakifafanua. Ndiyo maana utakuta uchambuzi mzito wa vitabu vya Herbert Quain, mtu ambaye hajawahi kuwepo. Mwamini msimulizi, songa mbele. Aliyewahi kusoma Nagona ya Kezilahabi bila kudai kila kitu kieleweke papo hapo ameshaupata uvumilivu unaohitajika.

Kama unajifunza Kihispania, soma kwa sauti huku tafsiri ikiwa kando. Irabu zake ni zile zile tano tulizozizoea, na sentensi za Borges ni kavu, zimenyooka. Soma hadithi moja kwa usiku mmoja. Ukisoma mbili, ya pili itaifuta ya kwanza.

"La biblioteca de Babel", yaani Maktaba ya Babeli, isome ukiwa na penseli. Kila kitabu katika maktaba ile kina kurasa 410, kila ukurasa mistari 40, kila mstari herufi kama 80, na aina za alama zinazotumika ni 25 tu. Piga hesabu: kitabu kimoja kina alama 1,312,000 hivi. Sasa fikiria kila mpangilio unaowezekana wa alama hizo upo kwenye rafu fulani. Kipo kitabu cha maisha yako, na vipo vingine visivyohesabika vinavyofanana nacho ila vina uongo mahali fulani. Borges aliiandika miaka aliyokuwa mfanyakazi wa maktaba ya manispaa. Wenzangu wengi huiona hadithi ya kutisha. Mimi naiona ya huzuni, kwa ajili ya wale wakutubi wanaozeeka wakipanda na kushuka ngazi, wakitafuta kitabu kimoja ambacho wana hakika kipo, na ambacho hata wakikishika hawana namna ya kujua kuwa ndicho.