Kwa mgeni wa drafti: watazame wale watano

Drafti ninayoizungumzia si ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ni ile ya Aprili, timu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zinapogawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Kwa saa za Afrika Mashariki raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, na ukishakesha namna hiyo unataka jina tamu: mdakaji, mkimbiaji, au kwotabeki, yule anayerusha mpira. Likitajwa pande la mtu la kilo 140 lisilokimbia na mpira, mmoja wa wale watano wa safu ya mbele wanaomlinda kwotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji (senta katikati, magadi wawili kando yake, matakli wawili pembeni), unasonya. Mimi nilisonya mwaka 2013.

Dallas Cowboys walikuwa na chaguo la 18, yaani zamu ya 18 ya kuchagua. Wakaliuza kwa San Francisco, wakashuka hadi la 31 na kuongezewa chaguo la raundi ya tatu, kisha wakamchukua Travis Frederick, senta mwenye mbio za kobe. Nikasema hawa wamelala. Kumbe walikuwa wakijenga tangu 2011, walipomchukua takli Tyron Smith kwa chaguo la 9. Mwaka 2014 wengi walimtaka kwotabeki Johnny Manziel. Wao wakamchagua Zack Martin. Msimu huohuo mkimbiaji wao DeMarco Murray akakimbia yadi 1,845 nyuma ya safu hiyo, rekodi ya klabu.

Ona ilivyochukua muda: machaguo matatu ya raundi ya kwanza ndani ya drafti nne. Na gadi wa kushoto, Ronald Leary, hakuwa amechaguliwa na timu yoyote. Kwa hiyo usiitukane timu yako kwa kutopata watano kwa mpigo. Hakuna anayewapata.

Sasa namna ya kuwatazama. Uache mpira uende zake, rudisha video, kodolea miguu. Anayefaa hupiga hatua fupi za haraka, nyonga ziko chini, mgongo umesimama. Akishaanza kuinama kiunoni kumfuata beki wa upinzani, amekwisha; beki atamvuta apite. Halafu mikono: takli hucheza pembeni, peupe, akimkabili mtu mwenye kasi, na mwenye mkono mrefu ndiye humgusa mwenzake kwanza. Martin alikuwa takli chuoni Notre Dame, lakini mikono yake ilionekana mifupi kwa kazi hiyo. Dallas wakamsogeza ndani akawa gadi, akawa mmoja wa magadi bora wa kizazi chake. Ndiyo maana ukisikia "takli wa chuo", usiandike bado atacheza wapi.

Raundi za mwisho usizilalie. Kule Philadelphia, Jason Kelce alichukuliwa raundi ya sita mwaka 2011. Jordan Mailata, chaguo la 233 mwaka 2018, alikuwa mcheza raga wa Australia ambaye hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Alifundishwa na Jeff Stoutland, kocha wa safu hiyo Philadelphia, na hakuanza mechi hadi 2020. Mimi siku hizi nikitathmini uchaguzi wa namna hii humwangalia kwanza kocha wa safu, kisha kijana. Wengine hawakubaliani nami, sawa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kansas City. Kwenye fainali ya Februari 2021, matakli wao wote wawili wa kawaida wakiwa majeruhi, kwotabeki wao Patrick Mahomes alikimbizwa uwanja mzima na Tampa Bay ikashinda 31–9. Aprili ile wakamchukua senta Creed Humphrey kwa chaguo la 63, na gadi Trey Smith kwa la 226. Huyu alishuka hivyo kwa sababu ya historia ya damu kuganda mapafuni. Wengine wa safu wakawanunua. Februari 2023 wakakutana fainali na Philadelphia, timu iliyokuwa imewaangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Usiku huo Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Kansas City wakashinda 38–35.