Kabla ya Kununua Pamba ya Singa Ndefu

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua shuka mbili zilizoandikwa kuwa za pamba ya Misri, nyuzi 1,000 kwa kila inchi ya mraba, kwa bei ambayo ingenitosha kununua doti sita za kanga. Kabla ya miezi mitatu kwisha zilikuwa zimeota vifundo vya manyoya na kuanza kuchanika katikati. Niliumia sana, kwa sababu mimi ni fundi wa kanzu hapa Ngamiani, Tanga, na nilikuwa na njia ya kuujua ukweli kabla ya kutoa fedha.

Sisi wa Tanga tumekulia kwenye mkonge, hivyo tunafahamu kwa nini singa ndefu, yaani zile nyuzinyuzi za mmea zinazosokotwa kuwa uzi, hutoa kamba imara. Pamba nayo ni vivyo hivyo. Singa za pamba ya kawaida huwa na urefu wa milimita 25 hadi 30 hivi, ilhali zile za pamba ya kifahari hupita 34. Kila singa inapoishia, ncha yake hutokeza nje ya uzi, na ncha hizo ndizo zinazosuguliwa mpaka zikawa vifundo. Singa zikiwa ndefu, ncha hupungua, na uzi unaweza kusokotwa mwembamba sana bila kupoteza nguvu. Ndiyo maana kitambaa chake huwa chepesi, laini na chenye mng'ao, jambo lenye thamani kubwa kwa mvaa kanzu katika joto letu la pwani.

Jina la Misri lisikupumbaze, kwani asili ya pamba hii, ambayo wataalamu huiita Gossypium barbadense, ni Amerika ya Kusini, ambako watu wa pwani ya Peru waliifuma maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Mwishoni mwa karne ya 18 ilistawishwa kwa jasho la watumwa katika visiwa vya Georgia na South Carolina, hadi mdudu anayetoboa vitumba alipoiangamiza karibu na mwaka 1920. Huko Misri, Mfaransa Louis Alexis Jumel aliiona katika bustani moja ya Cairo, na mtawala Muhammad Ali akaamuru ilimwe kwa wingi kuanzia miaka ya 1820. Wajerumani nao waliijaribu mbegu ya Kimisri kwenye pwani yetu. Na mtu asisahau kwamba kulazimishwa kulima pamba ni miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Pamba inayolimwa leo Kanda ya Ziwa ni ya jamii nyingine, yenye singa za wastani, nayo ni nzuri kwa kazi zake.

Basi ukienda dukani, omba uzi mmoja wa urefu wa shibiri kutoka ukingo wa jora. Uzungushe kinyume cha msokoto wake mpaka ulegee, kisha uvute taratibu. Singa zitaachana zenyewe. Zilaze chache juu ya kitambaa cheusi kando ya rula. Ukiona nyingi hazifiki sentimita tatu, usilipe bei ya kifahari, hata muuzaji akiapa. Kuchoma uzi kutakuonyesha tu kama umechanganywa na poliesta, si urefu wa singa.

Idadi ya nyuzi nayo haina uzito mkubwa kama wanavyodai, kwa kuwa baadhi ya viwanda huhesabu kila uzi mwembamba uliosokotwa pamoja na mwenzake ili namba ipande. Nyuzi 300 za singa ndefu, zilizofumwa vizuri, zinatosha kabisa.

Ukishapata kitambaa cha kweli, usikitie dawa ya klorini, kianike kivulini, na ukipige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo. Kanzu niliyomshonea kaka yangu kwa kitambaa nilichokipima hivyo huvaliwa kila Ijumaa, huu mwaka wa sita, na shingo yake haijaota manyoya.