Kisarawanda kilipotoka cheupe: je, ndoa yangu ni sahihi?

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe. Asubuhi ya pili ya fungate, somo wangu, yaani kungwi aliyenifunda, alikikunjua kisarawanda, kitambaa kinachotandikwa kitandani usiku wa kwanza ili damu ioneshe ubikira wa bibi harusi, mbele ya wanawake wa upande wa mume wangu, kikawa cheupe, na vigelegele havikupigwa. Tangu hapo mavyaa anadai niliolewa nikiwa nimeshachezewa, na anataka niape kwa Msahafu. Mume wangu, ambaye ndiye wa kwanza kunigusa, amenyamaza. Je, ndoa ni sahihi? Nirudishe mahari?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Ndoa yako ni sahihi, na mahari yote ni haki yako, kwani mume amekwishakuingilia.

Kinachoniumiza ni wale wanaoidai ada hii kuwa ni katika heshima ya dini. Imamu Nawawi, katika Minhaj at-Talibin, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafi, amebainisha kuwa msichana aliyeondokewa na ubikira bila ya kuingiliwa, kwa mfano kwa kuanguka, hukumu yake haibadiliki: bado huhesabiwa bikira. Madaktari nao wanasema wanawake wengi hawatoki damu usiku wa kwanza, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kuingiliwa.

Watasema mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini, wameweka kanuni kwamba ada huhukumu. Naam, ada isiyogongana na nassi, yaani matini ya Kurani na hadithi! Aya ya 4 ya Suratun Nur inawataka wanaowasingizia wanawake wenye kujihifadhi walete mashahidi wanne, na wakishindwa wapigwe mijeledi 80, wala ushahidi wao usikubaliwe tena. Kitambaa si shahidi. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri, Mtume (s.a.w.) amemtaja miongoni mwa watu waovu kabisa Siku ya Kiyama mume anayemwendea mkewe kisha akaitangaza siri yake. Ikiwa mume mwenyewe amekatazwa kusimulia, nani aliyewaruhusu mashangazi kukagua shuka?

Usiape. Kiapo hutakiwa na kadhi katika dai lililofikishwa mbele yake. Mavyaa hana mamlaka ya kukuapisha ukumbini.

Mumeo ndiye ninayemlaumu zaidi, kwa kuwa anaujua ukweli na anakuacha uchafuliwe jina ndani ya nyumba yake. Kumtii mama ni wajibu mkubwa, lakini hakuna utiifu katika dhulma. Msomee jibu hili mkiwa wawili, kwa upole, na umwombe aseme na mamake faraghani. Akishindwa, walii wako amwite mzee wa upande wao wakae pamoja, kama Suratun Nisaa aya ya 35 inavyoelekeza. Na maneno yasipokoma, nenda kwa kadhi wala usione haya, kwani aliyedhulumiwa ni wewe.