Timu ya roboti: nimebaki kubeba boksi tu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo Kidato cha Pili, Morogoro, na nimejiunga na timu ya shule yetu ya FIRST LEGO League, yale mashindano ya wanafunzi ambapo roboti ya vipande vya Lego hufanya kazi zake yenyewe juu ya meza. Wavulana wawili wameikamata kompyuta, mwingine roboti haimtoki mikononi. Mimi nabeba boksi na kuokota vipande vikidondoka. Programu sijui kuandika. Je, nirudi zangu netiboli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Netiboli cheza, ila timu usiiache.

Mkikutana tena usigombee kompyuta. Shika daftari, simama kando ya meza, na kila roboti inapotumwa andika: imewekwa wapi, imeishia wapi, betri ina chaji kiasi gani, nani kaiweka. Roboti ikikosa shabaha, wenzako watakimbilia kubadili namba kwenye programu, na mara nyingi namba hazina kosa lolote. Kama mota imeamriwa izunguke kwa sekunde badala ya kwa mizunguko, chaji ikishuka roboti haifiki ilikofika mwanzo. Matairi yakishika vumbi yanateleza kwenye kona. Na ikiwekwa upande kidogo tu pale inapoanzia, ikifika mwisho wa meza imeshapotea kabisa. Ukiona kosa ni la kuiweka, unga vipande vichache vya Lego viwe pembe ya kuiegemeza kila inapoanza. Hapo hakuna programu hata mstari mmoja.

Halafu kuna mezani penyewe. Mchezo ni dakika mbili na nusu, na wanaoruhusiwa kusimama mezani ni wachache kwa wakati mmoja. Roboti ikirudi, mnachomoa kifaa cha mbele na kupachika kingine, na hapo ndipo muda unapoyeyuka. Anayedaka mipira ya netiboli ana mikono ninayoitaka mimi pale! Omba mpimane kwa saa, aliye mwepesi asimame.

Hao wavulana pia wanasahau kwamba alama za mezani ni robo tu ya mashindano. Zilizobaki ni usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu na maadili ya timu. Kwenye usanifu majaji hutaka kujua mlijaribu nini, kikashindikana wapi, mkabadili nini. Mwambie mwalimu wa klabu swali hilo akupe wewe, uingie na daftari lako.

Programu utajifunza humo humo, maana watakuita kwenye kompyuta wakuulize jana iliishia wapi.