Nembo ya Kilimia: niliyojifunza kwa miaka 11 na Subaru

Siku ya kwanza nilipoinua boneti ya Subaru nilishindwa kuiona injini. Niliona betri, kichujio cha hewa, mabomba na nyaya, lakini lile bonge la chuma nililozoea kulikuta limesimama wima katikati halikuwepo. Lilikuwa limelala chini kabisa, silinda mbili kushoto na mbili kulia. Fundi mzee niliyekwenda naye kulikagua gari aliniacha nishangae kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, gari hili halitaki mtu wa kubahatisha. Lijue kwanza."

Nililinunua, na nikachelewa kulijua. Miaka 11 imepita, mwanzo nikiwa na Legacy ya stesheni wagoni na sasa Forester. Karibu kila kosa nililolifanya lingeepukika kama ningefahamu mapema gari hili lilitoka wapi na kwa nini liliundwa lilivyoundwa. Ndiyo maana anayeniuliza habari za kununua Subaru mimi humwanzia na historia, hata kama yeye alitaka kujua habari za spea tu.

Anza na nembo. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota tunaloliita Kilimia, lile ambalo wazee walilitazama ili kujua majira ya kulima, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Kijapani neno hilo lina pia maana ya kukusanyika pamoja. Mwaka 1953 kampuni tano ziliungana kuwa Fuji Heavy Industries, na mkuu wake, Kenji Kita, akalichagua jina hilo kwa ajili ya magari yao. Hesabu nyota kwenye nembo: moja kubwa, tano ndogo. Zile tano ni kampuni zilizoungana, na ile kubwa ni kampuni iliyozaliwa. Nakiri napenda sana kwamba nembo hiyo ya mbali ina jina katika Kiswahili tangu zamani, wala halikuhitaji kutafsiriwa.

Kampuni hizo zilikuwa vipande vya kiwanda cha ndege. Chikuhei Nakajima, aliyewahi kuwa ofisa mhandisi wa jeshi la majini, alianzisha mwaka 1917 karakana ya utafiti wa ndege huko Ota, mkoani Gunma. Kufikia Vita vya Pili vya Dunia, Nakajima ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa ndege za kivita nchini Japani. Japani iliposhindwa vita mwaka 1945 ilikatazwa kutengeneza ndege, na kiwanda kikagawanywa. Wahandisi waliozoea kuunda mabawa wakageukia vitu vya kuwasaidia watu kwenda kazini. Mwaka 1946 wakatoa skuta iliyoitwa Rabbit, na zile za mwanzo zilivalishwa magurudumu ya mkia wa ndege za mabomu yaliyobaki stoo.

Watu wa ndege hawasahau uzito. Mwaka 1958 ilitoka Subaru 360, kazi ya mhandisi Shinroku Momose, mtu wa Nakajima tangu wakati wa vita. Ilibeba watu wanne kwa injini ya cc 356 iliyokaa nyuma, nguvu za farasi 16, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 385 tu. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba mzigo wote, bila chesisi iliyojitenga, kama ilivyo kwa ndege. Wajapani walilibandika jina la mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoa, na familia nyingi zikalifanya gari lao la kwanza.

Lakini gari linalonihusu mimi na wewe ni la mwaka 1966, Subaru 1000. Momose alitaka gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, lenye nafasi ndani na lisilotetemeka. Akailaza injini. Pistoni zinaelekeana kama mabondia wawili, zinatoka pamoja na kurudi pamoja, hivyo msukumo wa moja unafutwa na wa mwenzake. Injini ya namna hiyo ni fupi na iko chini, kwa hiyo uzito wa gari unakaribia ardhi. Ukikata kona kwa Subaru na kuhisi gari halilali upande mmoja, hiyo ndiyo hesabu ya mwaka 1966 inayofanya kazi.

Raha hiyo ina masharti yake. Silinda zikilala, oili nayo hutafuta njia ya kutokea pembeni. Kava za valvu ziko chini na pembeni, karibu na bomba la ekzosi, hivyo gasketi zake zikichoka, oili hudondokea kwenye ekzosi ya moto na utasikia harufu ya kuungua ukisimama baada ya safari. Usiipuuze harufu hiyo. Mimi hupima oili kila ninapojaza mafuta mara ya pili, gari likiwa kwenye ardhi tambarare na injini imepoa, kwa sababu nimejifunza kutoingoja taa ya dashibodi. Taa ile huonya kuhusu presha, na presha ikishaanguka, madhara yamekwisha kuanza.

Maji ya rejeta nayo yanataka uangalifu. Kwenye injini iliyolala hewa hujificha kwa urahisi, na fundi akijaza haraka na kufunga kifuniko, hewa inabaki ndani na gari linachemsha siku ya pili. Mwachie nafasi aitoe hewa yote, hata ikichukua saa nzima. Tumia kulanti sahihi, si maji ya bomba. Hili ni la lazima hasa kwa anayenunua gari lenye injini ya EJ25 (ya lita 2.5, ya familia ya EJ ya Subaru) isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, kwani gasketi zake za hedi zinajulikana kwa kuvuja. Gari la namna hiyo lililokwisha kubadilishiwa gasketi kwa kazi safi mimi ningelinunua bila wasiwasi kuliko lile ambalo mwenyewe anaapa halijawahi kuguswa.

Kuhusu taimingi belti, mkanda unaozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, kwenye injini za EJ ibadilishe kila karibu kilomita 100,000. Ikikatika, kwenye nyingi ya injini hizo valvu hugongana na pistoni. Belti hiyo ndiyo pia inayozungusha pampu ya maji, kwa hiyo badilisha vyote kwa pamoja. Injini za familia ya FB, zilizoanza mwaka 2010, zinatumia cheni.

Sasa nije kwenye magurudumu manne, mahali nilipoumia zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake milimani wakati wa theluji, lenye starehe kuliko majipu waliyokuwa nayo. Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi walichukua gari la kawaida wakaliongezea mfumo wa kuvuta nyuma. Haikuwa kazi ya kulivunja gari zima. Injini ya Subaru imelala kwa urefu wa gari, giaboksi iko nyuma yake kwenye mstari huohuo, kwa hiyo ilibaki kuongeza shafti moja kuelekea nyuma. Mwaka 1972 Leone ya magurudumu manne ikaanza kuuzwa. Magari ya aina hiyo yalikuwepo kabla, lakini mengi yalikuwa ya shamba na jeshi. Hili lilikuwa gari la kawaida la familia, la kwendea kazini na sokoni.

Mfumo huo unakaa kwa mizani, kushoto na kulia sawasawa. Na mizani ukiivuruga, italia. Tairi langu moja la Legacy lilipasuka, nikanunua moja jipya la saizi ileile. Muuzaji alinihakikishia kwamba saizi ikifanana yote yamefanana, na mimi sikuuliza zaidi. Miezi michache baadaye gari lilianza kujishika nikikata kona ya polepole, kama vile mtu ameweka breki kidogo. Nilikwenda kwa yule fundi mzee. Hakufungua boneti. Alichukua kamba, akaizungusha kwenye kila tairi, akaweka alama kwa kalamu, kisha akanyoosha kamba mbele yangu. Tairi jipya lilikuwa limeyazidi yale matatu kwa upana wa vidole viwili hivi.

Hesabu yake ni rahisi. Tairi lililolika milimita 5 lina mzingo mfupi kwa milimita 31 kuliko jipya, wakati tofauti inayoruhusiwa kwenye Subaru ni kama milimita 6. Difu ya katikati imewekwa ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti kidogo kwenye kona, kisha ipumzike barabara ikinyooka. Tairi moja likiwa kubwa, haipumziki hata kwenye mstari ulionyooka. Inachemka, na mwishowe inakwama. Nililipia ukarabati huo kwa miezi.

Kwa hiyo nakuambia kwa msisitizo wote: matairi manne, aina moja, saizi moja, yaliyolika sawa. Yazungushe nafasi mara kwa mara ili yalike pamoja. Likipasuka moja wakati mengine yamekwisha lika, nunua manne, au tafuta lililotumika lenye kina kinacholingana. Na usiwaamini wanaosema Subaru zote zina mfumo mmoja. Zenye gia za mkono nyingi zina difu ya katikati inayogawa nguvu nusu kwa nusu. Otomatiki nyingi zinatumia klachi inayoamua kiasi gani kiende nyuma. Kwenye otomatiki nyingi za zamani kuna mahali pa kuchomeka fyuzi chini ya boneti, pameandikwa FWD, yaani kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Ukifunga tairi dogo la akiba, weka fyuzi hapo ili gari livute mbele tu mpaka ufike kwa fundi. Wenye magari hayo niliowauliza, wengi hawakuwa wanajua.

Sifa iliyolifanya jina la Subaru litajwe na vijana ni ya mbio. Mwezi Januari 1989, huko Arizona nchini Marekani, Legacy ilikimbizwa kilomita 100,000 mchana na usiku kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Impreza ikaja mwaka 1992. Colin McRae akawa bingwa wa dunia wa rali mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001, Petter Solberg mwaka 2003, na kampuni ikachukua ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Safari Rally ya Kenya, iliyokuwa ikivunja magari kuliko mbio nyingine yoyote ya ubingwa huo, iliangukia kwa Subaru mwaka 1997 kwa mkono wa McRae na mwaka 2000 kwa mkono wa Burns.

Ule mvumo wa kukoroma ambao watu huutambua kabla gari halijatokea kwenye kona, wengi hudhani unatokana na injini kulala. Kinachouleta hasa ni mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kwenye modeli za zamani, moshi wa upande mmoja ukifika umechelewa. Modeli mpya zenye mabomba yanayolingana zimetulia. Mimi huukosa mvumo huo kila siku.

Mvumo huohuo ndio unaowaingiza watu kwenye hasara. Ukitaka yenye tabo, tafuta ambayo haijabadilishwa chochote. Iliyoongezewa presha, ikafungwa ekzosi kubwa na kompyuta yake ikachezewa, imeendeshwa na mtu aliyetaka kushindana, na huwezi kujua alishindana mara ngapi. Ukiipata nzuri, usiikanyage ikiwa baridi, na baada ya mwendo mkali iache ingurume dakika moja mbili kabla ya kuzima, oili ipoze tabo.

Kama unaitaka ya familia, Forester, iliyoanza mwaka 1997, ndiyo ningekushauri: imeinuka vya kutosha kwa barabara mbovu, na bado inakaa chini kwenye kona. Itakunywa mafuta zaidi kuliko gari la saizi yake linalovutwa na magurudumu mawili, hilo lipokee kabla ya kununua.

Siku ya kwenda kuikagua, nenda asubuhi mapema na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti iwe baridi. Fungua tangi la maji ya akiba uangalie kama yana mafuta juu. Washa, usikilize dakika ya kwanza, kisha subiri mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Tafuta uwanja wa lami, kata usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole kushoto, halafu kulia. Gari lizunguke laini, bila kuruka wala kujishika. Mwisho chukua kamba.