Siku ya 14 ilinipotezea miaka miwili

Wiki iliyopita, saa tano usiku, nilipokea ujumbe wa msomaji mwenye miaka 29. Ameniruhusu niuweke hapa kwa kifupi: "Dada, tunatafuta mtoto, huu mwezi wa nane. Siku ya 14 hatuikosi hata mara moja. Ila siku zangu zenyewe hazieleweki, mara 33, mara 39, mwezi uliopita 36. Nina tatizo gani?"

Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta nimekaa kitandani na simu mkononi, nimepandwa na hasira, na wala si juu yake. Ujumbe ule ningeuandika mimi mwenyewe miaka saba iliyopita, tena mimi hata hizo namba tatu nisingekuwa nazo. Mdogo wangu huyu ameshanizidi.

Shuleni tulichorewa duara ubaoni. Siku 28, hedhi juu, yai chini kabisa siku ya 14. Tukanakili, tukajibu mtihani, tukapata alama. Hakuna aliyetuambia kwamba lile duara ni la kufundishia tu, na kwamba mwanamke mzima mwenye mzunguko wa siku 24 ni mzima sawasawa na mwenye 34. Na lugha yetu nayo ilinichanganya. Tunasema fulani yuko mwezini, ameingia mwezini, basi nikaamini hedhi lazima ifike tarehe ileile kila mwezi kama kodi ya nyumba. Ikichelewa wiki nzima nasema mwezi huu imeruka. Haikuwa imeruka. Ndivyo mwili wangu ulivyokuwa unakwenda, mimi ndiye sikuwa na habari.

Halafu nilikuwa nahesabu kuanzia siku ninayosafika! Najua si mimi peke yangu. Siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka kwa kweli, ya kuhitaji pedi, si matone ya jana yake wala si siku ya kumaliza.

Tulipoanza kutafuta mtoto nikapakua programu kwenye simu. Ilikuwa na ua la waridi linalochanua siku ya yai kutoka. Ua likichanua, mume wangu anapigiwa simu hata akiwa kazini. Leo anacheka akilikumbuka ua lile. Wakati ule hakuna aliyecheka. Tukaenda hivyo miezi kumi. Ya katikati nayaruka, aliyeyapitia anayajua na ambaye hajayapitia sitaki kumtisha.

Tukaenda hospitali. Daktari akaniuliza, "Hedhi yako ya mwisho ilianza lini?" Nikamjibu, "Kama tarehe 10 hivi." Hilo "kama" na hilo "hivi" yalinigharimu. Akaandika, akanipangia kupimwa damu siku ya 21 kuangalia homoni ya projesteroni, ambayo hupanda yai likishatoka. Majibu yakarudi yako chini. Bila kuinua macho kwenye karatasi akasema, "Hupevushi mayai."

Basi. Maneno mawili. Sikuulizwa mzunguko wangu ni wa siku ngapi. Nililia ndani ya gari mpaka mume wangu akasahau njia ya kurudi nyumbani. Nilikaa na maneno yale zaidi ya mwaka, nikiyabeba kwenye harusi za watu na kwenye sherehe za watoto wa watu, na sikurudi hospitali kwa sababu niliona nimeshahukumiwa.

Aliyenitoa huko ni muuguzi mmoja mtu mzima, niliyekutana naye nilipokwenda kutibiwa kitu kingine kabisa. Aliniuliza, "Mwanangu, kati ya hedhi na hedhi hupita siku ngapi?" Nikasema 28. Akanitazama. "Umehesabu, au umeambiwa?"

Sikuwa nimehesabu.

Akachukua kalamu akanieleza jambo ambalo ningelijua nikiwa na miaka 15 ningeokoa machozi mengi. Mzunguko una sehemu mbili. Ya kwanza, kuanzia damu mpaka yai kutoka, ndiyo inayorefuka na kufupika: ukiugua, ukiwa na mawazo, ukikonda ghafla, au tu kwa maumbile yako. Ya pili, kuanzia yai kutoka mpaka damu nyingine, haichezi sana, huwa kama siku 12 hadi 14. Kwa hiyo yai halihesabiwi kwa kwenda mbele, linahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake ni karibu na siku ya 14. Mwenye siku 37 ni karibu na ya 23. Sasa anayepimwa siku ya 21 wakati yai lake linatoka siku ya 23, hiyo homoni itakuwa juu kwa miujiza gani? Kipimo kile hufanyika kama siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Ni cha "siku ya 21" kwa mwenye siku 28 tu.

Na haya si mambo mapya. Kyusaku Ogino, daktari wa Japani, aliandika kuhusu kuhesabu kwa kurudi nyuma mwaka 1924, na Hermann Knaus wa Austria akafikia jambo hilohilo kwa njia yake. Miaka mia moja! Na bado tunapeana siku ya 14 kama urithi wa ukoo.

Nikanunua daftari. La karatasi, lenye mistari, siku za kwanza nililificha chini ya nguo. Miezi sita ikasoma hivi: 36, 38, 35, 41, 37, 36. Nikaongeza kipimajoto, nikawa napima kila asubuhi kabla sijanyanyuka kitandani wala kusema na mtu. Yai likishatoka, joto la mwili uliopumzika hupanda kidogo, kama nyuzi 0.3 hadi 0.5, na hubaki juu mpaka hedhi ikaribie. Langu lilikuwa linapanda siku ya 23 au 24. Nilipoliona limepanda mwezi wa pili mfululizo nilimwamsha mume wangu saa kumi na moja alfajiri kumwonyesha namba. Mtu anayeambiwa hapevushi mayai, kumbe anapevusha.

Lakini joto linakupa habari baada ya mambo kwisha. Ute ndio unaotangulia. Siku chache kabla ya yai kutoka, ute wa ukeni hubadilika ukawa mwingi, wa kung'aa, unaoteleza na kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Hizo ndizo siku. Yai lenyewe huishi saa 12 hadi 24 tu, ila mbegu za kiume zinaweza kulisubiri mpaka siku 5, kwa hiyo dirisha ni la siku sita hivi, na linafunguka kabla, si baada. Sisi tunaziita siku za hatari. Nimewahi kujiuliza ni nani aliyezipa jina hilo, maana kwa anayetafuta mtoto hakuna siku zenye heri kuliko hizo.

Nikaenda hospitali nyingine na daftari kwapani. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akanipangia kipimo siku ya 30. Projesteroni ikaonekana ipo juu. Ila, na hapa naomba msome taratibu, hakuniambia "uko sawa, nenda nyumbani." Alisema mizunguko inayozidi siku 35 kila mara inatafutiwa sababu, akapima na homoni za tezi ya shingo. Tezi yangu ilikuwa inafanya kazi kwa uvivu. Nikapewa dawa, mizunguko ikashuka mpaka 31, 32. Mtoto wangu sasa ana miaka minne. Yule daktari wa kwanza hakukosea kunitilia shaka, hilo simnyimi. Alikosea siku, na alikosea kutoniuliza. Bado naumia nikipita karibu na jengo lile, nisidanganye.

Sasa mtaniambia, wewe ulikuwa unatafuta mtoto, mimi sitafuti, daftari la nini? Sikilizeni. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilisisitiza kwamba hedhi ya msichana ichukuliwe kama dalili muhimu ya afya, kama vile mapigo ya moyo na presha. Daftari langu la pili, baada ya kujifungua, halikuwa la yai. Ndilo lililonionyesha kwamba siku zangu za damu zimetoka 5 zikawa 7, zikawa 9, na kwamba pedi iliyokuwa inakaa saa nne haikai tena hata saa moja. Bila kuandika ningesema ni uchovu wa kulea. Ilikuwa fibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi usio saratani, na damu mwilini ilikuwa imepungua vibaya.

Kwa hiyo andika. Andika siku ya kwanza, andika umetoka damu siku ngapi, andika kama kuna mabonge na ukubwa wake, andika maumivu, hasa yale yanayokulaza kitandani usiende kazini, maana hayo si "uanamke," yanaweza kuwa endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake, na wengi huishi nayo miaka bila kuambiwa jina lake. Andika damu inayokuja katikati ya mwezi au baada ya tendo. Hedhi ikikosekana miezi mitatu na huna mimba, hunyonyeshi, hutumii njia ya uzazi wa mpango inayoizuia, usishangilie kwamba umepumzika pedi. Ukuta wa kizazi ukikaa miaka unajengwa bila kubomolewa unaweza kuleta saratani. Na homoni za kike zikiwa chini muda mrefu, mifupa ndiyo inayolipa.

Programu za simu sizikatazi, natumia mpaka leo. Lakini inayopewa tarehe tu inabahatisha, na wanaotumia ua la waridi kukwepa mimba nawaonea huruma. Kwa walio kwenye vidonge vya majira, damu mnayoiona wiki ya kupumzika si hedhi ya kweli, msitafute yai humo.

Sasa wewe mdogo wangu wa saa tano usiku. Kwa namba zako, yai lako huenda linatoka kati ya siku ya 19 na ya 25, na nyinyi mmekuwa mkibisha hodi mapema. Kanuni ya jumla ni kujaribu mwaka mmoja kabla ya kwenda kupima, au miezi sita kwa aliyefika miaka 35, lakini mwenye mizunguko inayopita siku 35 mara kwa mara haingojei. Nenda sasa, nenda na mwenzio, maana naye anapimwa, mara nyingi tatizo liko huko na mwanamke ndiye anayelia. Ukiambiwa kipimo cha siku ya 21, uliza, "Siku ya 21 ya mzunguko wa nani?"

Kisha niandikie mzunguko wa tatu ukiisha. Nitakuuliza ulianza lini, na "kama tarehe 10 hivi" siipokei.